Vyeti vya kazi za ofisi ya hospitali na misimbo ya magonjwa: mwongozo kamili kwa aliyeko Mwanza

Wengi wanaouliza kuhusu vyeti hivi wameshaona tangazo mahali: kozi ya miezi mitatu, cheti cha Marekani, kazi unafanyia sebuleni kwako Nyegezi, malipo kwa dola. Tangazo la namna hiyo si uongo mtupu. Vyeti vipo na vinaheshimika, kazi ipo na dola zipo. Lisichosema ni kwamba misimbo utakayoisomea, yaani herufi na tarakimu zinazosimama badala ya ugonjwa, si ile inayoandikwa kwenye fomu za hospitali za hapa, na kwamba mwajiri wa Marekani anayekubali mfanyakazi aliyeko Mwanza hapatikani kirahisi.

Kwa hiyo msimamo wangu nautanguliza. Anza na misimbo ya Shirika la Afya Duniani, WHO, kwa kuwa kuisoma ni bure na ndiyo inayotumika Tanzania. Kisha tafuta cheti cha nchini kinachotambulika na serikali. Ingia kazini, hata kwa kujitolea. Cheti cha Marekani kije baada ya hapo, na kiwe kimoja. Mwongozo unakwenda kwa mpangilio huo. Aliyeshavuka hatua fulani airuke tu.

Kazi zenyewe zikoje

Nyuma ya vyumba vya madaktari kuna meza nne, ingawa kwenye zahanati ndogo ya mtaani zote nne anaweza kuzikalia mtu mmoja. Ya kwanza ni mapokezi: kuandikisha mgonjwa, kumpa namba ya faili, kuhakiki kadi ya bima. Ya pili ni kumbukumbu, yaani kutunza mafaili na kuyapata yanapohitajika, kazi ambayo hakuna anayeiona mpaka siku faili limepotea. Ya tatu ni takwimu: kujaza na kujumlisha vitabu vya MTUHA, rejesta za taarifa za huduma za afya, namba 5 kwa wagonjwa wa nje, namba 14 kwa waliolazwa, na vingine, kisha kuingiza ripoti ya mwezi kwenye DHIS2, mfumo wa mtandaoni wa kukusanya takwimu za afya. Hospitali nyingi za serikali zina pia GoT-HoMIS, mfumo wa serikali wa kuendeshea hospitali, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hizi sasa inafanyika kwenye kompyuta.

Meza ya nne ni bima, na hapa ndipo pesa ilipo. Hospitali inamtibu mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, leo na kulipwa baadaye, na kinachoifanya ilipwe ni fomu 2A na B: jina, namba ya kadi, ugonjwa kwa msimbo wake, vipimo, dawa, gharama, sahihi. Mkaguzi wa mfuko akikuta dawa isiyoendana na ugonjwa ulioandikwa, au sahihi inakosekana, kiasi hicho kinakatwa. Dawa imeshatumika, mgonjwa ameshakwenda zake, na hospitali imebeba hasara. Bima binafsi nazo zina fomu zao na masharti yao. Mganga mfawidhi anayeona makato yamepungua tangu ukae kwenye meza ile hatakusahau nafasi ikitokea. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inataka kila mkazi awe na bima, kwa hiyo fomu za kuandaa zitazidi kuongezeka.

Ukisikia watu wanazungumzia kuweka misimbo, ni kuchukua maneno ya daktari, "malaria", "mfupa wa mguu umevunjika", na kuyageuza kuwa herufi na tarakimu ambazo Mwanza, Dodoma na Geneva wanazielewa kwa namna moja.

Hatua ya 1: Jifunze misimbo ya WHO

Orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la kumi, inaitwa ICD-10. Ilipitishwa 1990 na nchi wanachama wakaanza kuitumia 1994. Ina sura 22 na imegawanywa katika juzuu tatu: ya kwanza ni orodha yenyewe, ya pili ni maelekezo, ya tatu ni faharasa ya kialfabeti. Orodha unaisoma bure kwenye tovuti ya WHO, na WHO wametengeneza pia mafunzo ya kujisomea yasiyolipiwa. Simu na bando vinatosha kuanzia, ingawa kwenye kompyuta macho yatakushukuru.

Kanuni ya kwanza ni rahisi na ndiyo inayovunjwa zaidi: anzia kwenye faharasa, malizia kwenye orodha. Faharasa inakupeleka jirani; orodha ndiyo yenye maelezo ya nini kimejumuishwa na nini kimeondolewa. Anayenakili msimbo kutoka kwenye faharasa bila kwenda kuuhakiki atakuwa anabahatisha.

Anza na magonjwa ambayo Kanda ya Ziwa inayaona kila siku. B50 ni malaria ya falciparum, na ikipanda kichwani inakuwa B50.0; B54 ni malaria ambayo aina ya kimelea haikutajwa. Shinikizo la damu la kawaida ni I10. Kisukari aina ya pili kisicho na madhara mengine ni E11.9. Selimundu mgonjwa akiwa kwenye maumivu makali ni D57.0, akiwa hana ni D57.1. Homa ya matumbo A01.0, kipindupindu A00. Kichocho cha mkojo ni B65.0 na cha tumbo, kiitwacho pia cha Mansoni, B65.1. Usiikariri kama shairi. Itafute mmoja mmoja kwenye orodha, usome na majirani zake juu na chini, mpaka uelewe kwa nini umewekwa pale.

Sasa chukua faili moja ulitazame kwa karibu. Mfano huu nimeutunga, lakini ugonjwa wenyewe visiwani unajulikana sana. Mvuvi wa Ukara amefikishwa Bugando anatapika damu. Amepimwa kwa kamera, na daktari ameandika kwamba mishipa ya umio imevimba na inavuja, chanzo ni kichocho cha Mansoni cha muda mrefu kilichoathiri ini. Anayeanza kazi anaona "kutapika damu", anakwenda K92.0, anafunga faili. Msimbo huo upo na maana yake ni hiyo hiyo, lakini kutapika damu ni dalili, na chanzo kikishajulikana kinachoandikwa ni chanzo. Faharasa ikifuatwa vizuri inakupa misimbo miwili inayokwenda pamoja: B65.1 yenye alama ya msalaba, na I98.3 yenye nyota. Msalaba unaonyesha ugonjwa wa msingi, nyota inaonyesha ulivyojitokeza mwilini, hapa mishipa ya umio inayotoka damu. Wenye nyota hausimami peke yake na hautangulii.

Tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Ukiandika K92.0 peke yake, fomu ya bima ina praziquantel, dawa ya kichocho, na hakuna ugonjwa unaoielezea, na takwimu za hospitali hazionyeshi kwamba kuna mtu wa visiwani aliyekaribia kufa kwa kichocho. Maamuzi ya kugawa dawa shuleni na mialoni yanatokana na takwimu za aina hiyo.

Sambamba na misimbo, jifunze anatomia na msamiati wa Kiingereza cha hospitali. Madaktari wetu wanaandika kwa Kiingereza, tena kwa vifupisho na kwa mwandiko unaojulikana. Kitabu chochote kizuri cha msamiati wa kitabibu kinafaa. Sehemu ya miisho ya maneno ndiyo ya kuanza nayo, kwa sababu ukishajua miisho michache hata neno usilowahi kuliona linakupa dokezo.

ICD-11 nayo ipo. Ilipitishwa Mei 2019 na ikaanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022. Misimbo yake imebadilika sura kabisa, malaria ya falciparum ni 1F40, na chombo chake cha kutafutia misimbo kiko mtandaoni bure. Ifahamu, lakini usiikimbilie kabla hujaizoea ya kumi.

Hatua ya 2: Pata cheti cha nchini

Mafunzo ya WHO yanakupa ujuzi, hayakupi kada. Na serikalini mtu anaajiriwa kwa kada. Fungua Ajira Portal, tafuta matangazo ya nyuma ya watunza kumbukumbu, wahazili na wasaidizi wa kumbukumbu za afya, usome neno kwa neno kiwango cha elimu kinachotakiwa. Fanya hivyo kabla ya kulipa ada ya chuo chochote. Nimeona watu wanasoma kwanza, halafu wanatafuta kada inayofanana na walichosoma.

Chombo cha kuangalia ni NACTVET, ambacho wengi bado wanakiita kwa jina la zamani, NACTE. Viwango vyake ni NTA 4 kwa astashahada ya awali, NTA 5 kwa astashahada na NTA 6 kwa stashahada. Kitabu chake cha mwongozo wa udahili kinaonyesha chuo, kozi na sifa za kujiunga. Tafuta kozi za kumbukumbu za afya na za taarifa za afya, na uangalie kama chuo kimesajiliwa na kama kozi yenyewe imeidhinishwa, kwa sababu ni mambo mawili tofauti.

Kama ufaulu wako hauruhusu kozi za afya, njia ya pembeni ni utunzaji kumbukumbu au uhazili. Chuo cha Utumishi wa Umma kina tawi Tabora, ambako wahazili wa nchi hii wamefundishwa kwa miaka mingi, na kutoka Mwanza ni safari ya basi ya siku moja. Kwa asiyeweza kuhama, Mwanza yenyewe ina kampasi za CBE na IFM, na VETA wako Nyakato. Hawa hawatakufundisha ICD. Watakupa kompyuta, hesabu, mambo ya bima au ya ofisi kulingana na kozi, na ICD umeshaianza mwenyewe kwenye hatua ya kwanza. Mimi ningemwona mtu mwenye stashahada ya kumbukumbu na ICD aliyojifundisha kuwa na nafasi nzuri kuliko mwenye cheti cha kigeni kitupu.

Ng'ambo ya ziwa wenzetu wamefika mbali kidogo. Kenya wana sheria ya mameneja wa kumbukumbu na taarifa za afya tangu 2016, kwa hiyo kazi hii kwao ni taaluma yenye bodi na usajili. Mtanzania anayefikiria kufanya kazi Kisumu au Homa Bay aanze kwa kuuliza masharti ya bodi hiyo.

Hatua ya 3: Ingia ndani ya hospitali

Andika barua kwa mganga mfawidhi, ya ukurasa mmoja, ukisema wazi unataka kujitolea au kufanya mafunzo kwa vitendo kwenye kitengo cha kumbukumbu au cha bima. Usiandike "kitengo chochote". Ambatanisha nakala za vyeti na barua ya serikali ya mtaa. Ipeleke mwenyewe masjala, igongewe muhuri wa kupokelewa, ubaki na nakala. Hospitali kubwa zina foleni ya wanaojitolea. Vituo vya afya na hospitali binafsi ndogo mara nyingi zinajibu haraka zaidi, na kule utagusa meza zote nne. Sengerema na Magu si mbali, na tangu Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lifunguliwe 2025, anayekwenda upande wa pili hana haja ya kuhesabu saa za kivuko.

Ukishaingia, ujuzi mgumu kuliko yote utakuwa kumuuliza daktari. Rudi kwa yule mvuvi wa Ukara, na tuseme safari hii daktari aliandika kutapika damu peke yake.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, dada. Umeleta faili gani tena?"

"La kitanda cha tisa. Umeandika kutapika damu, na ripoti ya kamera inataja mishipa ya umio. Naomba uandike chanzo, kama kimejulikana."

"Si kichocho kile. Andika tu."

"Naomba uandike wewe, daktari, na uweke sahihi."

Dada huyu amefanya mambo mawili kwa usahihi. Hakumtajia daktari jibu analolitaka. Alimwonyesha kilichomo kwenye faili na kuomba kilichokosekana. Na hakukubali kuandika ugonjwa kwa mkono wake. Mweka misimbo hatibu. Anaweka msimbo kwenye kilichoandikwa na aliyetibu. Siku mkaguzi akija, tofauti ya mwandiko na ya kalamu itaonekana. Kuna maofisi ambayo utashawishiwa kubadilisha ugonjwa ili ulingane na dawa iliyotoka. Huko ni kughushi, na jina litakalokuwa kwenye fomu ni lako.

Kuhusu siri za wagonjwa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya ziko kwenye kundi la taarifa nyeti. Kupiga picha ya fomu na kuituma kwenye grupu la WhatsApp la ofisi ili usaidiwe kusoma mwandiko ni mazoea mabaya sana. Beba faili, nenda kwa aliyeandika.

Jizoeze pia lahajedwali, kama Excel. Orodha ya fomu zilizokatwa, sababu ya kukatwa, wodi ilikotoka na kiasi: safuwima nne tu. Ukiijaza kwa miezi kadhaa utaona sababu moja au mbili ndizo zinazokula nusu ya hasara, na utakuwa na kitu cha kuonyesha kwenye usaili ambacho wengine hawana.

Hatua ya 4: Chagua cheti cha Marekani kwa kujua tofauti

Marekani wanatumia ICD-10 yao waliyoipanua, ICD-10-CM, tangu tarehe 1 Oktoba 2015. Mfano wa bodaboda unatosha. Abiria amegongwa na gari, mfupa wa muundi umevunjika bila jeraha la wazi. Kwa WHO ni S82.2, na ukiongeza tarakimu ya kuonyesha kwamba haujatoka nje inakuwa S82.20; msimbo wa chanzo, abiria wa pikipiki aliyegongana na gari barabarani, ni V23.5. Kwa Marekani, kama daktari hakueleza umevunjika kwa namna gani, ni S82.201A: muundi wa kulia, bila jeraha la wazi, matibabu ya mwanzo. Wanataka kujua mguu gani na hatua gani ya matibabu, na wasipoambiwa hawalipi.

Juu ya hapo wana CPT, misimbo ya tarakimu tano ya kila anachofanya daktari, kuanzia kumwona mgonjwa kliniki hadi upasuaji. Inamilikiwa na chama cha madaktari cha Marekani, AMA, na ilichapishwa kwanza 1966. Kisha kuna HCPCS kwa vifaa, dawa na gari la wagonjwa. Hapa Tanzania hatutumii CPT. NHIF wana orodha yao ya huduma na bei. Mtihani wa CPC, cheti cha Marekani ninachokieleza hapa chini, kwa sehemu kubwa ni CPT. Ndiyo maana nasema cheti hiki kisiwe cha kwanza.

Mashirika ya kujua ni matatu. AAPC lilianza 1988 na cheti chake kikuu ni CPC, kwa anayeweka misimbo ya kazi za madaktari na kliniki. Wana CPB kwa upande wa madai ya malipo ya bima, COC na CIC kwa hospitali. AHIMA ni la zamani zaidi, la 1928, na makao yake yako Chicago. Wana CCA kwa anayeanza na CCS kwa aliyekomaa, na mitihani yao imeegemea zaidi kumbukumbu za hospitali. Wana pia RHIT na RHIA, lakini hivyo vinadai uwe umesoma chuo kilichoidhinishwa kwa utaratibu wao, kwa hiyo kwa aliyeko Mwanza viache. La tatu ni NHA, lenye CMAA kwa kazi za mapokezi na ofisi na CBCS kwa madai. CMAA ni cheti cha heshima kwao, lakini kinapima utaratibu wa kliniki za Marekani na bima zao. Kwa kazi ya mapokezi ya Mwanza sioni sababu ya kukilipia. Uhazili wa Tabora utakufikisha mbali zaidi.

Ukinibana nichague: anayelenga kampuni zinazoweka misimbo kwa niaba ya Marekani achukue CPC, kwa sababu ndicho waajiri wanachokitaja zaidi. Anayelenga kubaki kwenye kumbukumbu za hospitali na kupanda cheo achukue CCA. Ukiwa na kidato cha nne au cha sita na Kiingereza cha kusoma bila kukwama, vyote viwili vinawezekana.

Hatua ya 5: Maandalizi na mtihani

Kabla ya kulipa, panga majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cha kidato cha nne vile, NIDA wamekosea herufi. Jina utakalojisajilia lazima lifanane na kitambulisho utakachoonyesha siku ya mtihani. Kama hayafanani, shughulikia kwanza hati ya kiapo au marekebisho NIDA. Kazi hiyo inaweza kuchukua muda kuliko kusoma.

Gharama: ada ya mtihani, uanachama wa mwaka na vitabu vya CPC vikijumlishwa vinavuka shilingi milioni moja na nusu bila shida. Soma bei za siku hiyo kwenye tovuti ya shirika lenyewe, usitegemee za mtu aliyefanya zamani. Unalipa kwa kadi ya Visa au Mastercard iliyofunguliwa kwa malipo ya mtandaoni. Benki nyingi zinafungua ukiomba.

Vitabu vina mtego. ICD-10-CM inabadilika kila tarehe 1 Oktoba na CPT kila tarehe 1 Januari. Kitabu cha mitumba cha miaka mitatu nyuma ni cha kujifunzia mpangilio tu, hakikupi majibu ya mtihani wa mwaka huu. ICD-10-CM na HCPCS serikali ya Marekani inazitoa bure mtandaoni, kwa hiyo jifunzie huko. CPT haipatikani bure kwa sababu ina mwenyewe. Agiza vitabu vya karatasi mapema, vinachelewa njiani.

CPC ni maswali 100 ya kuchagua ndani ya saa 4, na kufaulu ni asilimia 70. Unaingia na vitabu vyako vitatu, na unaruhusiwa kuwa umeviandika kwa mkono na kuvibandika vialamisho. Watu wakisikia kuingia na vitabu wanalegea. Piga hesabu: ni dakika 2 na sekunde 24 kwa swali, na baadhi ya maswali ni ripoti nzima ya upasuaji. Asiyejua kitabu kimekaaje atakuwa bado anapekua mwenzake ameshamaliza. Kwa hiyo mazoezi yawe ya kupimwa kwa saa, mwanzo maswali kumi, baadaye hamsini, ukiwa na vitabu vile vile utakavyoingia navyo. Angalia majibu kabla ya kusoma kisa: mara nyingi manne yanatofautiana kwa msimbo mmoja, na ukiuhakiki huo mmoja umeshaondoa mawili. Yasiyo rahisi yaruke, urudi. Usiache hata moja tupu.

CCA ni saa 2, alama za kufaulu ni 300 kwa kipimo chao cha hadi 400. Inapima pia sheria, siri za wagonjwa na mifumo ya kumbukumbu, kwa hiyo aliyekaa masjala ana faida.

Ukifanyia mtihani nyumbani, msimamizi anakuangalia kwa kamera, akitaka kuona meza, mikono na vitabu. Chumba kiwe na mlango unaofungwa na watu wa nyumbani wajue. Betri ya kompyuta ijae, bando liwe kwenye simu ya pili, na kama mtaani kwenu umeme unakatika sana, omba ofisi ya rafiki yenye jenereta.

Hatua ya 6: Baada ya kufaulu

Ukifaulu CPC bila uzoefu, jina lako linabeba CPC-A, herufi ya mwisho ikimaanisha bado ni mwanafunzi wa kazi. Inaondolewa kwa kuthibitisha uzoefu wa miaka miwili, na mafunzo yanayokubalika yanaweza kufidia mwaka mmoja. Hapa ndipo hatua ya tatu inapolipa: barua ya mwajiri inayoeleza uliweka misimbo ya aina gani. Waulize AAPC mapema ni kazi gani ya ICD ya WHO wataikubali, uhifadhi majibu kwa barua pepe.

Cheti kinatunzwa. CPC inadai alama 36 za mafunzo endelevu kila miaka miwili pamoja na uanachama. CCA na CCS alama 20. Weka hela hiyo kwenye bajeti kama unavyoweka kodi ya nyumba.

Kuhusu kazi za mbali, mikataba mingi ya Marekani inakataza taarifa za wagonjwa kutoka nje ya nchi yao, na kampuni zinazoruhusiwa zimejaa India na Ufilipino. Tuma maombi, lakini usiache kazi ya hapa kwa kusubiri. Na anayekuahidi ajira ya uhakika kwa sharti la kununua kozi yake, au cheti cha AAPC bila mtihani, mpe kisogo. Vyeti vya mashirika haya vinahakikiwa mtandaoni na mwajiri yeyote.

Kuna mlango mwingine ambao watu wa Mwanza wanaupita kila siku bila kuuona: utafiti. NIMR Mwanza na kitengo cha majaribio ya tiba cha MITU wako hapa hapa. Kwenye majaribio ya dawa, kila dhara linalompata mshiriki hupewa msimbo, na kamusi inayotumika sana duniani kwa kazi hiyo ni MedDRA. Mtu aliyezoea ICD anaielewa haraka, na mafunzo ya bure yapo mtandaoni. Fuatilia matangazo yao ya makarani na wasimamizi wa data.

Ikitokea umepata kazi ya Marekani, uliza kabla ya kusaini: unalipwa kwa faili, kwa saa au kwa mwezi, fedha zinafikaje Tanzania na makato ya njiani ni ya nani, na kama lazima uwe hewani saa zao. Kuweka misimbo mara nyingi ni kumaliza idadi ya mafaili kwa siku, saa unajipangia. Kufuatilia madai kwa simu ni jambo jingine: saa 3 asubuhi ya New York ni saa 10 jioni ya Mwanza majira yao ya joto, na saa 11 jioni majira ya baridi, kwa hiyo zamu ya saa nane inaisha saa 6 au saa 7 usiku.